Shoka Mkononi, Moto Mgongoni

Tarehe 5 Agosti 1949, kikosi cha zimamoto kiliruka kwa miavuli katika bonde la Mann Gulch, Montana, nchini Marekani, kuzima moto wa nyika. Jioni moto ukawageukia. Kiongozi wao, Wagner Dodge, akaamuru watupe zana ili wakimbie upesi kupanda mlima. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, maana ndimi zake hukausha nyasi za juu kabla hazijazifikia. Dodge aliwasha nyasi zilizokuwa mbele yake, akalala kifudifudi juu ya majivu, mahali ambapo moto mkubwa haukuwa na cha kula, akapona. Watu 13 walikufa.

Julai 1994, katika mlima Storm King, Colorado, wakafa zimamoto 14 katika moto mwingine wa nyika. Mmoja alikutwa begi likiwa bado mgongoni na mpini wa msumeno wa mnyororo mkononi. Mwenzao aliyenusurika alisimulia kwamba, huku akiukimbia moto, alijikuta akitafuta mahali pa kuuweka msumeno wake usije ukaungua.

Karl Weick, mtaalamu wa saikolojia ya mashirika, aliandika juu ya vifo hivi mwaka 1996. Kelele za moto huzima amri, alisema, na aliyezoea kubeba hajawahi kufundishwa kutupa. Lakini sababu inayonigusa zaidi ni nyingine: shoka ndilo linalomfanya zimamoto awe zimamoto. Akilitupa, amekiri kwamba moto umemshinda, na hapohapo amebaki mtu wa kawaida mwenye hofu. Ndiyo maana siwezi kuwaita wazembe. Walishikilia kile kilichowalinda miaka yote.

Nasi tumeumbwa vivyo hivyo. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara hutuuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyotufurahisha. Akili inayopima hivyo huona mzigo unaopotea sasa hivi, haioni sekunde zinazookolewa.

Katika ndege, sekunde hizo zina hesabu yake. Ndege kubwa ya abiria haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba wote waliomo wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Hesabu hiyo haina nafasi ya mtu anayevuta begi kutoka juu ya kiti. Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ikashika moto. Watu wote 379 waliokuwa ndani yake walitoka hai, mizigo ikaachwa iteketee.

Kwa hiyo msomaji, ukipanda ndege, weka pasipoti na dawa zako mfukoni kabla haijaruka. Ukiambiwa utoke, toka mikono mitupu. Nyuma yako kuna mtu anayesubiri upite.