Karani Akianguka, Mzigo Hausimami

Ruta kubwa ya kampuni ya intaneti haifanani na kile kiboksi cha nyumbani chenye antena. Ni sanduku zito la chuma lenye feni zinazovuma mchana na usiku, na mbele yake kuna nafasi za kuchomekea kadi. Mtambo ukiwa umepangwa sawasawa, fundi anaweza kuchomoa kadi iliyo ubongo wake saa nane mchana, na anayetazama mpira kwenye simu asione picha ikikwama. Siri ya jambo hilo ni mgawanyo wa kazi.

Bandarini kuna karani na kuna makuli. Karani hashiki gunia. Yeye hupokea habari, hulinganisha, kisha huandika daftarini shehena ipi iende wapi. Ndiyo kazi ya moduli ya udhibiti. Ni kompyuta kamili, yenye prosesa na mfumo endeshi wake, inayozungumza na ruta jirani kwa itifaki kama OSPF na BGP, kisha kuchagua njia zilizo bora. Makuli ni moduli za usafirishaji, yaani kadi zenye matundu ya nyaya. Kila moja hupewa nakala ya daftari iliyofupishwa: anwani za fungu hili, tokea mlango ule.

Kwa nini kuli asimuulize karani kila mara? Piga hesabu. Kwenye waya wa gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti ndogo kabisa zinaweza kufika takriban milioni 14.88 kila sekunde. Kila moja ina nanosekunde 67 tu kabla mwenzake hajabisha hodi. Prosesa ya kawaida hulemewa kirahisi na kusoma daftari kubwa kwa kasi hiyo. Katika ruta kubwa kazi hiyo hufanywa na chipu zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili yake.

Katika ruta za zamani prosesa moja ilifanya yote mawili, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Njia zikibadilika kwa wingi, prosesa ilizama kwenye mahesabu na pakiti zikasubiri. Pakiti zikizidi, salamu za jirani zilikosa majibu. Jirani akadhani ruta imekufa, akatangaza njia mpya, na mahesabu yakaongezeka tena. Mwaka 1998 kampuni ya Juniper ilileta ruta ya M40, iliyotenganisha kazi hizo waziwazi. Sehemu ya usafirishaji ilijengwa kubeba pakiti milioni 40 kwa sekunde, ilhali kiungo kati yake na karani kilikuwa cha megabiti 100 tu kwa sekunde. Wembamba huo ulitosha, maana mizigo ya wateja haikupita hapo.

Ruta kubwa huwa na makarani wawili, mmoja kazini na mwingine akisubiri. Wa kwanza akianguka, makuli huendelea kwa nakala walizo nazo mpaka wa pili ashike kalamu. Majirani nao wanaweza kuombwa wavumilie, wasizifute njia. Kwa BGP utaratibu huo umeandikwa tangu 2007 katika waraka wa RFC 4724. Uvumilivu huo una hatari yake. Karani akiwa hayupo, barabara ikikatika kuli hajui, naye ataendelea kutupa mizigo shimoni kwa uaminifu wote.

Na nyaya hukatika kweli. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu baharini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama hiyo karani hupanga upya njia kwa maelfu, na kila kadi lazima iandikiwe upya. Mpaka kalamu ifike kwenye mstari wa mwisho, daftari na nakala husema mambo tofauti, na baadhi ya pakiti hupotea.

Lakini somo ambalo wanunuzi wengi bado hawajalishika ni la tarehe 12 Agosti 2014. Siku hiyo jedwali la njia za dunia lilivuka kiwango cha njia 512K (K ni elfu). Ruta fulani za Cisco zilizokuwa zimeenea sana zilikuwa zimetengewa nafasi ya kiasi hicho, hakuna zaidi, katika kumbukumbu ya haraka ya usafirishaji. Karani alikuwa na kumbukumbu tele, lakini nakala za makuli zilijaa. Njia zilizokosa nafasi ziliiachia prosesa pakiti zao, karani akajikuta amebeba magunia, na mitandao mingi ikayumba. Tahadhari ilikuwa imetolewa miezi kadhaa kabla, na dawa ilikuwa kugawa upya kumbukumbu ile na kuwasha mtambo upya.

Wengi waliongeza nafasi hadi 768K, kwa kuimega ile ya IPv6, kizazi kipya cha anwani. Kufikia 2019 kiwango hicho nacho kilikuwa kinafikiwa, na leo njia za IPv4, kizazi cha zamani, ni takriban milioni moja. Kwa hiyo muuzaji akikusifia gigabiti za mtambo wake, muulize pia: kila kadi ya usafirishaji inabeba njia ngapi, za IPv4 na za IPv6 kwa pamoja?