Gitaa la mapajani: sauti iliyobeba jina la ngome ya vita

Askari aliyesoma historia ya vita hakosi kuzijua habari za mji wa Sevastopol, bandari yenye ngome katika rasi ya Krimea. Majeshi ya Uingereza, Ufaransa na washirika wao yaliuzingira mji huo tangu Oktoba 1854 hadi Septemba 1855, na kwa muda wa miezi 11 mizinga ilinguruma mchana na usiku. Yote hayo yameandikwa vitabuni. Lakini ni wachache wanaofahamu kwamba jina la ngome hiyo lilivuka bahari likaingia katika mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani, na kwamba huko lilitajwa na vibarua weusi walipokuwa wakilegeza nyuzi za magitaa yao. Wao waliliita Vastapol.

Safari ya jina hilo ilikuwa hivi. Mwaka 1860, Henry Worrall, Mwingereza aliyehamia Marekani, alichapisha muziki wa gitaa alioupa jina la Sebastopol. Muziki huo uliigiza bendi ya jeshi, na mahali pengine nyuzi ziliguswa kidogo tu ili zitoe mlio kama wa buruji. Ili aweze kuupiga, mpigaji alitakiwa kwanza aubadili mpangilio wa nyuzi zake. Worrall alichapisha pia muziki mwingine, Spanish Fandango, wenye mpangilio wake mwingine. Miaka ikapita. Nyimbo zenyewe zikasahauliwa na watu wengi, lakini mipangilio yake miwili ikabaki mikononi mwa wapigaji wa vijijini, mmoja ukiitwa Vastapol na wa pili Spanish. Juu ya mipangilio hiyo miwili umejengwa sehemu kubwa ya muziki uitwao bluzi.

Leo tunapenda kueleza namna mipangilio hiyo ilivyokutana na gitaa linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma. Tunaeleza hayo kwa sababu ndani yake mna habari ya mwanamuziki mmoja aliyeitwa jeshini, habari ambayo yatupasa sisi tuvaao sare tuitafakari.

NYUZI HULEGEZWA KWA UTARATIBU

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita, nazo kuanzia ule mnene hupangwa kwa sauti za E, A, D, G, B na E. Nyuzi hizo zikipigwa zote kwa pamoja bila kukandamizwa kidole, hazitoi sauti zenye kupatana vyema. Mpigaji wa bluzi huzibadili. Katika mpangilio wa Vastapol, uzi wa kwanza, wa pili na wa sita hushushwa hatua nzima, na uzi wa tatu hushushwa nusu hatua. Uzi wa nne na wa tano haviguswi. Matokeo yake, kuanzia uzi mnene, ni D, A, D, F shapu, A na D. Katika mpangilio wa Spanish hushushwa uzi wa kwanza, wa tano na wa sita, kila mmoja hatua nzima, na sauti huwa D, G, D, G, B na D.

Baada ya hapo, nyuzi zote sita zikipigwa wazi hutoa sauti zinazoafikiana, ambazo wanabendi wetu huziita kodi. Aidha, kwa kuwa nyuzi zimelegezwa wala hazikukazwa, hatari ya kukatika ni ndogo. Jambo hilo halikuwa dogo kwa mtu maskini aliyekaa mbali na duka la nyuzi.

KUTOKA VISIWA VYA HAWAII

Ufundi wa kulilaza gitaa mapajani ulizaliwa katika visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Magitaa yalifikishwa huko katika miaka ya 1830 na wachunga ng'ombe kutoka Meksiko, na wenyeji nao wakabuni namna zao wenyewe za kulegeza nyuzi. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kupiga gitaa kwa chuma ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Laie. Husimuliwa kwamba akiwa kijana aliokota kipande cha chuma karibu na reli, akakipitisha juu ya nyuzi, akaisikia sauti ikipanda na kushuka bila kukatika, kama sauti ya mwanadamu aimbaye. Akiwa mwanafunzi huko Honolulu aliendelea kuujaribu na kuukamilisha ufundi huo.

Hizo zilikuwa siku ngumu kwa watu wake. Mnamo Januari 1893, Malkia Liliuokalani, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa nyimbo, alipinduliwa na kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba, huku askari wa manowari ya Kimarekani wakiwa wameteremshwa katika mji mkuu. Mwaka 1895 alifungwa ndani ya jumba lake mwenyewe, na mwaka 1898 visiwa vilitwaliwa na Marekani. Kekuku aliondoka kwao mwaka 1904 kwenda bara ya Marekani kupiga na kufundisha. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliueneza zaidi muziki huo, na sahani za santuri zikaufikisha kila jimbo. Taifa lililopoteza dola yake likawafundisha waliolitwaa namna mpya ya kupiga gitaa.

CHUMA JUU YA WAYA

Hata hivyo, Wamarekani weusi hawakungoja Hawaii iwafundishe kila kitu. Mtungaji W. C. Handy aliandika katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1941, kwamba yapata mwaka 1903, alipokuwa akingoja treni usiku katika kituo cha Tutwiler, jimbo la Mississippi, alimwona mtu mweusi mwenye nguo zilizochakaa akipiga gitaa kwa kukandamiza kisu juu ya nyuzi. Watoto wa mashambani nao walikuwa na desturi ya kupigilia waya mmoja ukutani na kuteleza chupa juu yake. Mtaalamu Gerhard Kubik wa Austria, katika kitabu chake cha mwaka 1999, aliihusisha desturi hiyo na ala za uzi mmoja za Afrika ya kati. Basi chuma cha Hawaii kilipofika kusini mwa Marekani kilipokewa na mikono iliyokwisha kuzoea.

Namna ya kupiga ni hii. Gitaa hulazwa mapajani, uso wake ukitazama juu. Nyuzi huinuliwa juu ya shingo ili chuma kisigonge vile vijiti vilivyokingama shingoni. Mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma laini na kukiteleza juu ya nyuzi bila kukandamiza. Uzito wake wenyewe unatosha. Vidole vinavyofuata nyuma ya chuma hugusa nyuzi kidogo ili kuzima kelele. Mkono wa kulia hudonoa, mara nyingi kwa kucha za bandia.

Hapa ndipo nidhamu inapohitajika. Kwenye gitaa la kawaida, kidole hukandamiza nyuma ya kijiti, nacho kijiti ndicho kinachoamua sauti. Kwenye gitaa la mapajani, kijiti ni alama tu, kama alama ya kulengea shabaha. Chuma hukaa juu ya kijiti chenyewe barabara. Kikipita au kupungua kidogo tu, kila mwenye masikio anajua. Sikio la mpigaji ndilo mkaguzi wake.

Lakini uhuru huo unaomtia mpigaji hatarini ndio unaompa utajiri. Bluzi inayo sauti iliyo kati ya ile ya furaha na ile ya majonzi, sauti ambayo haina kijiti chake kwenye gitaa wala kibonyezo chake kwenye kinanda. Chuma huweza kuifikia, kikasimama juu yake, kikaitetemesha, kisha kikarudi nyumbani.

Wimbo wa bluzi wa kawaida una vipimo 12, kila kimoja mapigo 4, na askari aliyezoea kuhesabu hatua hatapotea. Vipimo 4 vya kwanza nyuzi hupigwa wazi. Viwili hupigwa chuma kikiwa kwenye kijiti cha 5, viwili hurudi wazi, kimoja kwenye kijiti cha 7, kimoja cha 5, na viwili vya mwisho wazi tena. Mwimbaji husema neno lake, hulirudia, kisha hulimalizia. Na kila akinyamaza, chuma humjibu.

MWANAMUZIKI AITWA JESHINI

Miongoni mwa mafundi wa ufundi huu alikuwa Oscar Woods wa Shreveport, jimbo la Louisiana. Mwaka 1932 Woods alirekodi pamoja na mwimbaji mweupe Jimmie Davis, wakati ambapo sheria za kusini ziliwatenga weusi na weupe. Davis huyo alichaguliwa mwaka 1938 kuwa msimamizi wa usalama wa mji wa Shreveport, na mwaka 1944 akawa gavana wa jimbo. Woods alifariki mwaka 1955 bila cheo chochote.

Aliyejifunza kwa Woods alikuwa Babe Kyro Lemon Turner, mtoto wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1905 huko Hughes Springs, Texas. Alinunua gitaa lenye mwili wa chuma, akalilaza mapajani na kulipiga kwa chupa ndogo. Katika miaka ya 1930 alisikika redioni mjini Fort Worth, na mwaka 1937 alirekodi nyimbo zake. Wasikilizaji walimjua kwa jina la Black Ace. Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, na gitaa lake lilizungumza naye kama rafiki wa siku nyingi.

Mwaka 1943 aliitwa jeshini. Majeshi ya Marekani ya wakati huo yaliwatenga askari weusi katika vikosi vyao wenyewe. Amri ya Rais Truman ya kukomesha utengano huo ilitolewa Julai 1948. Vita vilipokwisha, Turner hakurudia maisha ya muziki. Alichuma pamba na kufanya kazi nyingine za kujipatia riziki, na gitaa likanyamaza kwa miaka mingi.

Mwaka 1960 watafiti wa muziki, Chris Strachwitz na Paul Oliver, walimtafuta Fort Worth, wakamwomba apige. Alipiga, wakamrekodi, na santuri ikatolewa. Turner alifariki mwaka 1972. Lau wasingembishia hodi, tungebaki na nyimbo chache tu za mwaka 1937, na mengi aliyoyajua yangezikwa pamoja naye.

Ufundi wenyewe haukufa. Gitaa la mapajani ndilo lililotangulia magitaa ya umeme sokoni, mwaka 1932, likiwa la alumini na lenye umbo la kikaango. Freddie Roulette, aliyeishi tangu 1939 hadi 2022, alilipigia bluzi kwenye bendi za Chicago. Barani kwetu Nico Kasanda wa Kongo, aliyefariki mwaka 1985, aliiingiza sauti ya gitaa la Kihawaii katika rumba ambayo wazee wetu waliicheza, na Demola Adepoju aliipiga katika bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria.

FUNDISHO KWETU

Ndugu wapiganaji na askari polisi, kijana anapovaa sare huacha mengi nyuma ya lango la kambi. Tulipokuwa chuo cha ukadeti, mwenzetu mmoja aliliacha gitaa lake kwa mdogo wake. Alipopata likizo alilikuta limening'inizwa jikoni, nyuzi zimeota kutu na mbao zimefunguka kwa moshi. Hakununua jingine. Tulicheka naye wakati ule, leo hatucheki.

Jeshi halipungukiwi na kitu askari wake akijua kupiga ala. Bendi zetu hulijua hilo. Lakini wapo wengi wasio wa bendi, walio kwenye malindo na vituo vya mbali, ambao mikono yao inajua jambo ambalo hakuna fomu ya kuandikisha kuruti iliyowahi kuwauliza. Tunawasihi makamanda wawaulize. Kwa Turner swali hilo lilikuja baada ya miaka 17, tena kutoka kwa raia.

Nawe uliye na gitaa kuukuu lililopinda shingo, usilitupe. Ingiza kijiti cha mbao ngumu au mfupa chini ya nyuzi, pale zinapoanzia, ili ziinuke. Tafuta kipande cha bomba laini kisicho na makali. Legeza nyuzi kama tulivyoeleza, ulilaze gitaa mapajani, na uhesabu vipimo 12. Tunatahadharisha tu kwamba beneti si chombo cha muziki, na kwamba baada ya taa kuzimwa sauti nayo hulala.