Baridi Yabisi: Tusingoje Mpaka Vidole Vipinde



Mama mmoja alifika kliniki kwetu akiwa ameficha mikono ndani ya khanga. Tulidhani ameungua moto. Alipoifunua tuliona vidole vimelalia upande mmoja, kama majani ya mgomba yaliyopigwa na upepo, na vifundo vya mikono vimevimba. Alikuwa na miaka 41. Wala hakuja kwa ajili ya mikono hiyo. Alikuja kwa sababu ya tumbo, maana vidonge vya maumivu alivyokuwa akinunua dukani kwa miaka sita vilikuwa vimemtoboa vidonda tumboni. Tulipomwuliza habari ya vidole alijibu, "Hii ni baridi tu, Sista, haina dawa."

Sisi wauguzi tumelisikia neno hilo mara nyingi mno, "haina dawa". Ndiyo sababu mwezi huu tunaliandikia.

Jina lenyewe limewapoteza wengi. Kwa kuwa tunauita ugonjwa huu baridi yabisi, watu hudhani unaletwa na baridi: kufua kwa maji ya kisimani, kulala sakafuni, kwenda shambani na umande. Ni kweli siku ya baridi mgonjwa huumia zaidi, lakini baridi haikumpa ugonjwa. Wagonjwa wapo Tanga na Dar es Salaam, ambako watu hulala bila shuka kwa joto. Wengine husema ni uzee. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na karibu 70 katika kila 100 walikuwa wanawake. Huwapata hata vijana, na wengi huanza kuugua wakiwa bado na watoto wa kulea na shamba la kulima.

Je, ni nini basi? Kila kiungo, mahali mifupa miwili inapokutana, kina utando mwembamba ndani yake. Utando huo hutoa ute wa kulainisha, kama mafuta katika mnyororo wa baiskeli. Mwili wetu una askari wake wanaopigana na vijidudu. Katika baridi yabisi askari hao hukosea na kuushambulia utando huo. Utando huvimba, huwa mnene, kisha huanza kula gegedu, na baada ya gegedu mfupa wenyewe. Urithi huchangia, na uvutaji wa sigara huchangia pia. Hauambukizi. Ukila sahani moja na mgonjwa hupati kitu. Hakuna mtu aliyetupiwa kitu magotini, na chale zinazochanjwa juu ya goti hazifiki kwenye utando huo. Kwa wembe usio safi zinaweza kuleta usaha au magonjwa mabaya zaidi.

DALILI ZA KUANGALIA

Baridi yabisi hupenda viungo vidogo: vifundo vya vidole pale vinapoanzia kwenye kiganja, viungo vya katikati ya vidole, vifundo vya mikono, na sehemu ya mbele ya nyayo. Kwa kawaida hushika pande zote mbili, mkono wa kulia na wa kushoto. Viungo huvimba, huwa na joto, na ukivibonyeza ni laini. Mgonjwa huchoka, hukosa hamu ya kula, pengine hupungua uzito.

Tumegundua njia moja rahisi ya kumtambua mgonjwa kanisani. Wakati wa kupeana amani, ukimshika mkono kwa nguvu anaruka au anaurudisha haraka. Usimkasirikie. Kuminywa vifundo vya vidole kunamwumiza sana, na hata daktari humpima hivyo hivyo. Mpe amani kwa kuinamisha kichwa.

Lakini dalili tunayotaka kila familia iijue ni ya asubuhi. Mgonjwa huamka viungo vimekaza kama vilivyofungwa kwa kamba, na huchukua zaidi ya saa nzima, pengine mpaka saa nne, kabla havijalegea. Hapa ndipo ugomvi mwingi wa nyumbani unapoanza. Saa kumi na mbili mama hawezi kuwasha moto wala kumfunga mtoto vifungo vya shati la shule. Saa tano anaonekana ameshika jembe. Mama mkwe anaona, jirani anaona, wanasema, "Huyu ni mvivu wa asubuhi, mbona sasa anaweza?" Tumewahi kuwa na mgonjwa aliyerudishwa kwao kwa sababu hiyo. Ugonjwa huu ndivyo ulivyo: usiku, mwili ukitulia, uvimbe hujikusanya, mchana, viungo vikitembea, hupungua. Maumivu ya viungo vilivyochakaa kwa umri na kazi huenda kinyume: asubuhi ni nafuu, jioni baada ya kazi ndipo goti linapolia.

Tusichanganye na mengine. Jongo huja ghafla usiku mmoja, mara nyingi kidole gumba cha mguu, na hasa kwa wanaume. Mtoto aliyeumwa koo, kisha baada ya wiki mbili au tatu akaanza kuvimba goti moja na kuhamia jingine pamoja na homa, huenda ana homa ya baridi yabisi. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa ingawa majina yanafanana, nao huharibu moyo. Mlete mara moja. Mtoto mdogo anayevimba viganja na nyayo apimwe selimundu. Na mtu yeyote mwenye kiungo kimoja kilichovimba, chenye moto, pamoja na homa kali, asingoje asubuhi. Inawezekana ni usaha ndani ya kiungo, na siku moja tu ya kuchelewa inaweza kukiharibu.

Tunaomba jambo moja: uvimbe wa viungo ukikaa wiki sita bila kwisha, usiendelee kununua vidonge. Njoo hospitali. Kipo kipimo cha damu, lakini msikitegemee peke yake. Kwa wagonjwa 100 wa kweli, 20 au zaidi damu yao husema hapana, na wapo watu wazima kabisa ambao damu yao husema ndiyo. Daktari huangalia mikono kwanza, halafu karatasi.

VIDONGE VYA DUKANI

Diklofenaki, indomethasini na brufeni hupunguza maumivu na uvimbe, nasi pia huzitoa. Lakini haziwazuii wale askari. Mgonjwa anasikia nafuu, analima, na huko ndani mfupa unaendelea kuliwa. Kwa wengi uharibifu huo huanza kuonekana katika picha ya eksirei ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Mfupa ukishaliwa hatuna dawa ya kuurudisha. Juu ya hayo, dawa hizi zikitumiwa muda mrefu hutoboa tumbo na kuumiza figo, na anayezinywa bila kula chochote anaikaribisha hatari hiyo upesi.

Kubwa zaidi ni prednisoloni. Dawa hii ni ya ukoo mmoja na kotisoni, ambayo mwaka 1948 daktari Philip Hench huko Marekani alimpa kwa mara ya kwanza mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache tu mwanamke yule aliinuka akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Watu walidhani ugonjwa umekwisha. Haukupita muda madhara yakaanza kuonekana: uso kuvimba kama mwezi, sukari kupanda, shinikizo la damu, mifupa kuwa dhaifu, na mwili kushindwa kupigana na vijidudu, kifua kikuu kikiwemo. Daktari huitumia hata leo, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, wakati dawa nyingine inangojewa ifanye kazi. Tunachokiogopa ni mgonjwa anayeinunua mwenyewe kwa miaka, na pengine hajui hata jina lake. Anajua tu "vile vidonge vidogo vyeupe". Huyo naye asiache ghafla kwa hofu baada ya kusoma haya, kwani mwili wake umeizoea na kuiacha ghafla kunaweza kumwua. Aje tumpunguzie polepole.

DAWA YA MARA MOJA KWA WIKI

Dawa inayowatuliza askari wenyewe ipo, na kuu kati yake inaitwa methotreksati. Si ghali kama watu wanavyodhani, ingawa haipatikani kila mahali. Pengine daktari atakuandikia barua uende hospitali ya rufaa kama Bugando, KCMC au Muhimbili uanzishiwe huko. Nyingine ni hidroksiklorokwini na salfasalazini. Zikianzwa ndani ya miezi mitatu hadi sita ya kwanza, wagonjwa wengi huokoa mikono yao. Hazifanyi kazi upesi. Wiki sita za kwanza huenda usione tofauti, na ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi dukani. Vumilia mpaka wiki ya kumi na mbili.

Hapa lazima tukiri jambo. Methotreksati hunywewa MARA MOJA KWA WIKI. Miaka kadhaa iliyopita tulimpa mama mmoja bahasha yake, tukamwambia haraka haraka kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, na juu ya bahasha hatukuandika siku. Vidonge vingine vyote alivyowahi kupewa maishani vilikuwa vya kila siku, naye akanywa kila siku. Siku ya tisa aliletwa kwa baiskeli, kinywa kimejaa vidonda, hawezi kumeza hata uji, homa juu. Dawa ilikuwa imezuia mwili kutengeneza damu. Tuliisimamisha, tukamkimbiza hospitali ya rufaa, akakaa huko wiki tatu. Alipona, tunamshukuru Mungu. Kosa halikuwa lake.

Tangu hapo kila mgonjwa huchagua siku yake, nasi tunaiandika kwa herufi kubwa na kumwomba atusomee. Wengi huchagua Jumapili, baada ya Misa, kwa kuwa haisahauliki. Siku nyingine, tuseme Jumatano, hunywa foliki asidi ya kupunguza madhara. Kwa wale wasiosoma tunamwita mtoto wa nyumbani anayesoma, naye anakuwa mlinzi wa bahasha.

Kuna makatazo yanayokwenda na dawa hii. Pombe ni adui yake, iwe ya dukani au ya kienyeji, kwa kuwa zote mbili huchosha ini. Septrini isitumiwe pamoja nayo, maana zikikutana zinaweza kuzuia damu kama tulivyoeleza; kwa hiyo anayetumia Septrini kila siku kwa sababu nyingine aseme wazi kwa daktari, bila aibu. Mama mwenye mimba asiinywe kabisa, hudhuru mtoto. Anayetazamia kupata mtoto azungumze na daktari mapema, kwani dawa hii inatakiwa iachwe miezi mitatu kabla, na nyingine zilizo salama zipo. Wapo akina mama wanaopata nafuu kubwa wakiwa wajawazito, halafu ugonjwa hurudi kwa nguvu baada ya kujifungua, wakati mtoto anataka kubebwa. Majirani wa jumuiya wajue hilo. Mama kama huyo anahitaji mtu wa kumwogeshea mtoto asubuhi kuliko anavyohitaji zawadi ya sabuni. Na kila mgonjwa apimwe damu na ini kwa tarehe anazopewa, hata kama anajisikia vizuri.

NYUMBANI

Asubuhi mgonjwa aweke mikono katika beseni la maji ya uvuguvugu, afungue na kufunga vidole polepole mpaka vilegee. Aliyelala kitandani siku nzima kwa kuhurumiwa hukaza zaidi. Viungo vitembezwe kila siku, ila siku vikiwa na moto na uvimbe apumzike. Mpini wa jembe, wa mwiko na wa kisu uzungushiwe mpira wa baiskeli ili uwe mnene, kwa kuwa kukamata kitu chembamba ndiko kunakovuta vidole kando. Ndoo ijazwe nusu, ibebwe kwa mikono miwili. Nguo isikamuliwe kwa kunyonga. Inaning'inizwa ikichuruzika, na jua litamaliza. Kinu apewe mwenye nguvu.

Chooni ni taabu ambayo wagonjwa huona haya kuisema. Kuchuchumaa kwa magoti yaliyovimba ni mateso, na kuinuka ni mateso zaidi. Fundi seremala akate tundu katika kiti imara, kiti kiwekwe juu ya shimo. Mzee mmoja alituambia kwamba kiti hicho kilimsaidia kuliko vidonge vyetu vyote. Hatukubishana naye. Na kanisani, anayeshindwa kupiga magoti aketi bila wasiwasi.

Yule mama wa khanga tulimtibu tumbo kwanza, kisha akaanza dawa. Vidole havikunyooka, wala havitanyooka. Lakini uvimbe umeshuka, na anashika kikombe cha chai mwenyewe. Mwaka uliofuata alimleta binti yake wa miaka 22, aliyekuwa na uvimbe wa wiki saba tu. Mikono ya binti huyo ni mizima mpaka leo.

Anayekuja kliniki kwa maumivu ya viungo alete kila anachotumia: vidonge vya dukani hata kama havina jina, dawa ya chupa, mizizi, mafuta ya kuchua. Viweke vyote katika mfuko mmoja. Hatutamgombeza mtu.