Mashine ya Boti Ikizimika Baharini: Fuata Njia ya Mafuta



Leo tuzungumze juu ya mashine ya boti inayozimika-zimika. Nina maana hizi mashine za petroli zinazofungwa nyuma ya boti, za nguvu za farasi 15 au 40, ambazo utaziona Feri, Kigamboni, Msasani na Kunduchi. Unaiwasha vizuri, unatoka pwani, unavuka kisiwa cha Mbudya, halafu inaanza kukohoa, inapungua nguvu, inakufa. Unavuta kamba mara tano, inawaka. Baada ya robo saa inakufa tena.

Hali hiyo si ya kuchezea. Bahari yetu ina mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kusi huzidi nguvu. Chombo kilichozimika nje ya visiwa hakikai mahali pamoja kikusubiri. Kwa hiyo mashine ikifa, kwanza tupa nanga kama kina kinaruhusu. Spana baadaye.

Je, utajuaje kuwa shida ni mafuta? Mashine iliyokosa moto wa umeme hukatika ghafla, kama taa iliyozimwa. Iliyokamata kwa joto, hata kamba haivutiki. Lakini iliyokosa mafuta hufa polepole, inapanda na kushuka, na ukiipumzisha kidogo inakubali kuwaka. Sababu yake ni kwamba mafuta yanaendelea kupita kidogo kidogo wakati imezimwa, kabureta inajaa, unapata mwendo wa dakika chache.

Mimi nakaa Kipawa, huku upande wa uwanja wa ndege, mbali na maji ya chumvi. Hata hivyo huku nako utakuta mashine za boti kwa mafundi wa pikipiki. Mwenye chombo anaifungua Feri, anaipakia kwenye bajaji mpaka kwa fundi. Fundi anaitumbukiza kwenye pipa la maji, anaipa mafuta ya chupa, inanguruma kama mpya. Anasafisha plagi, anachukua chake. Kesho yake baharini, yale yale. Kwa nini? Kwa sababu iliyokwenda kwa fundi ni mashine peke yake. Tangi na mpira wa mafuta vilibaki botini, na ugonjwa mara nyingi uko huko.

Basi anza kwenye tangi. Juu ya kifuniko kuna skrubu ndogo ya kupitishia hewa. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie, la sivyo tangi linajinyonga lenyewe. Wengi huikaza wakiogopa mawimbi, kisha wanasahau. Mashine ikianza kufa, legeza kifuniko: ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu na mashine ikachangamka, umekwisha pata jibu bila kutumia hata shilingi. Skrubu hiyo ifungwe wakati wa kubeba tangi, ifunguliwe kabla ya kuwasha. Kama maji yanakurukia, inua tangi juu ya ubao na ulifunike kwa juu, lakini usilizibe pumzi.

Kama si hewa, tazama kile kifuko cha mpira cha kubonyeza kilicho katikati ya mpira wa mafuta. Hicho ndicho daktari wako. Mshale wake uelekee kwenye mashine, na unapokibonyeza kishike wima, mshale juu. Kikikaza baada ya kubonyezwa mara kadhaa, mafuta yamefika. Kikibaki bapa, kimenyonywa na hakijai, basi njia imeziba kati yake na tangi: ni pumzi ile tuliyoitaja, au chujio lililo chini kabisa ya bomba la kunyonyea. Kikibaki laini hata ukibonyeza mpaka uchoke, na mafuta yamo tangini, kuna mahali panapovuta hewa, au vali zake za ndani zimekwisha. Pakague penye klipu, na kiungio kinachochomekwa kwenye mashine. Ringi yake ndogo ya mpira ikichanika, hewa inaingia bila mafuta kuvuja nje, na macho yatakudanganya.

Kuna jaribio moja nalipenda sana. Mashine ikianza kufa, mwenzako abonyeze kifuko mfululizo. Ikifufuka, ujue mafuta yanaweza kupita ila hayavutwi vya kutosha: ama hewa inaingia njiani, ama kiwambo cha mpira ndani ya pampu ya mafuta kimechoka. Isipofufuka na kifuko ni kigumu, kizuizi kiko mbele, kwenye chujio la mashine au kwenye tundu dogo la kabureta. Mwenye boti jirani akikuazima tangi na mpira wake kwa dakika kumi, ni bora zaidi. Zikienda sawa, shida iko kwenye vyako.

Tahadhari na mipira ya kumwagilia bustani. Ni rahisi, najua, na dukani haikosi. Lakini petroli huikausha ikapasuka, au huiharibu kwa ndani ikajikunja na kuziba, huku nje inang'aa. Nunua ule wa petroli.

Halafu kuna maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, palepale bomba linaponyonyea. Boti ikiwa imetulia hujui. Ikipigwa na wimbi maji yanachanganyika, yanaingia. Chota mafuta ya chini ya tangi, tia kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Ukiona mstari na kitu kingine chini yake, hayo ni maji. Kitambaa hakizuii maji, kinazuia mchanga tu. Unapomimina kutoka kwenye dumu, yale mabaki ya mwisho yaache humo.

Mafuta ya mtaani nayo tusiyaamini. Mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kutia vinasaba kwenye mafuta ili kugundua yaliyochanganywa na mafuta ya taa, maana mchezo huo ulikuwa umeshamiri. Nunua kituoni, na oili upime kwa kufuata kitabu cha mashine yako. Kwa mashine ya 1 kwa 50, lita 20 za petroli zinataka mililita 400. Kukadiria kwa macho kunachafua plagi, na hapo utadhani ni mafuta hayafiki.

Kazi zote hizi zifanyike bila sigara wala karabai karibu, na mafuta unayotoa yaingie kwenye dumu, si chini ya boti. Mvuke wa petroli hulala sakafuni ukingoja cheche.

Ukiwa umekagua yote, kifuko kimekaza, chupa haina maji, na bado inazimika, mpelekee fundi. Ila safari hii pakia na tangi na mpira wake.