Kusawazisha Densitomita kwa Picha Nyeusi na Nyeupe za Nyumbani

Densitomita ya karatasi humulika sehemu ndogo ya picha kwa taa yake yenyewe, hupokea mwanga unaorudi, kisha hutoa namba iitwayo densiti. Namba hiyo hufuata hesabu ya logi: penye densiti 1.0 hurudi asilimia 10 ya mwanga, penye 2.0 hurudi asilimia 1 tu, na kila ongezeko la 0.3 hupunguza mwanga kwa takriban nusu. Msingi wa kipimo hiki uliwekwa Uingereza na Hurter na Driffield, waliochapisha utafiti wao mwaka 1890, enzi za picha za sahani za kioo. Leo kinamfaa pia mwenye kompyuta na printa ya wino nyumbani, kwani printa ikiachwa ijiamulie, kijivu hakipandi kwa hatua zinazolingana. Mara nyingi sehemu za giza hushikana zikawa weusi mmoja.

Kabla ya kuilaumu printa, kipimo chenyewe kihakikiwe. Taa huchoka na vumbi huingia kwenye lenzi. Ndiyo maana kifaa huja na kibao chenye kiraka cheupe na kiraka cheusi, kila kimoja kikiwa na thamani yake iliyopimwa kiwandani. Anayenunua densitomita ya mtumba bila kibao chake amenunua mzani usio na mawe. Kibao nacho huchujuka na kuchafuka, kwa hiyo hukaa gizani ndani ya bahasha yake, na viraka vyake havishikwi kwa vidole.

Kifaa huwashwa na kuachwa kipate joto, lenzi ikapanguswa. Kiraka cheupe husomwa kwanza na thamani yake kuingizwa, kisha cheusi. Baada ya hapo vyote viwili husomwa tena mara kadhaa. Kuyumba kwa 0.01 au 0.02 si tatizo; kukizidi hapo, usafishaji urudiwe.

Cheusi ndicho kinachoumbua. Tuseme kiraka kina densiti 2.0, na vumbi limepotosha mwanga kiasi cha asilimia 1 ukaingia kwenye kipokezi. Badala ya asilimia 1 hufika asilimia 2, na kifaa husoma 1.7. Mchapaji atamwaga wino zaidi akitafuta weusi ambao tayari anao.

Kifaa kikishatengemaa, huchapwa ngazi ya viraka 21, kuanzia 0 hadi 100 kwa kuruka asilimia 5. Karatasi iachwe usiku kucha ikauke, kisha isomwe juu ya kitu kile kile kila mara, maana karatasi nyembamba hupitisha mwanga. Karatasi isiyong'aa kwa kawaida huishia karibu na 1.6 au 1.7, inayong'aa huweza kupita 2.2. Kiraka cha 95 kikiwa cheusi kuliko cha 100, wino umezidi na kikomo chake kishushwe. Programu kama QuadTone RIP hupokea vipimo hivyo na kuunda mkunjo mpya wa wino.

Vipimo vya densitomita mbili visichanganywe katika kazi moja, hata kama zote zimesawazishwa. Usawazishaji wenyewe ni kazi ya dakika chache, na ufanywe kila siku ya kupima, kabla ya kiraka cha kwanza kusomwa.