Ramani za Mashamba ya Wanachama: Jalada Moja, Kipimo Kimoja

Vyama vya msingi vinavyouza kahawa au kakao katika soko la Ulaya vinahitaji ramani za mashamba ya wanachama. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ihusuyo mazao yasiyotokana na ukataji wa misitu, iliagiza mashamba yatajwe kwa latitudo na longitudo zenye tarakimu zisizopungua sita za desimali, na shamba linalozidi hekta 4 lichorwe mipaka yake yote.

Kupima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhifadhi vipimo katika kompyuta, na hapo shamba laweza kupotea pasipo mtu kung'oa alama hata moja ya mpaka.

Jambo la kwanza ni jalada. Katika programu ya ArcGIS, tabaka za ramani zinazohusiana, kama vile mashamba, njia na mito, huwekwa katika jalada moja lenye mfumo mmoja wa majira. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960, ilhali vyombo vya setilaiti hutumia WGS 84. Tofauti ya misingi hiyo ni takriban mita 300. Vipimo vya aina hizo visichanganywe kabla ya kugeuzwa vifuate msingi mmoja.

Jambo la pili ni kiwango cha uvumilivu, yaani umbali ambao nukta mbili zikiwa ndani yake, programu huzihesabu kuwa nukta moja. Faida yake ni kwamba kati ya wakulima wawili wapakanao hapabaki upenyo usio na mwenyewe. Kiwango cha kawaida cha programu hiyo ni mita 0.001, yaani milimita moja. Karani asikiongeze kwa sababu tu chombo chake hukosea kwa mita kadhaa. Uvumilivu hausahihishi kipimo. Huvuta nukta tu.

Hatari kubwa zaidi imo katika vizio. Jalada likiwa la digrii, 0.001 si milimita tena, bali ni takriban mita 111. Shamba la mraba la ekari moja lina upande wa mita 64 hivi. Mipaka ikihakikiwa kwa kiwango hicho, pembe zote nne zaweza kuvutwa pamoja, na shamba likatoweka.

Kiwango hicho hakibadilishwi jalada likisha kuundwa. Sharti liundwe jingine na takwimu zihamishwe. Yafaa basi katibu aandike mfumo, kizio na kiwango katika daftari la chama kabla ya kuingiza shamba la kwanza, na vipimo vya awali vihifadhiwe kando bila kuguswa. Kila baada ya uhakiki, idadi ya mashamba ya ramani ilinganishwe na ile ya daftari. Shamba lisiloonekana katika ramani ni zao lisilo na ushahidi sokoni, na hasara humwangukia mkulima.