Mji mdogo, mapenzi mengi

Juma hili napenda tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu tunakipenda chumbani na kukibeza barazani: hadithi za mapenzi. Sina maana ya zile za kijana kampenda binti, wazazi wakagoma, mwisho ndoa ikafungwa. Nazungumzia hadithi zenye jozi tatu au nne za wapenzi, wote wakazi wa mji mmoja mdogo, maisha yao yamesukana kama ukili, na katikati yao kuna siri ambayo ikifichuka hakuna atakayebaki na amani. Gazetini hadithi hizo hukatwa pale pale roho inapokuwa juu, na chini yake huandikwa neno moja tu: Itaendelea. Nadhani neno hilo limeuza magazeti mengi nchini kuliko tahariri zetu zote.

Sasa, ni kitu gani hasa kinachomshika msomaji? Wapo wanaodhani ni mapenzi yenyewe. Hapana. Mapenzi yaliyotulia hayana hadithi, kama vile mto uliotulia usivyo na kelele. Kinachoshika ni pengo kati ya anayejua na asiyejua. Katika riwaya ya upelelezi msomaji humtafuta mhalifu pamoja na mpelelezi. Katika hadithi ya mapenzi ya mji mdogo msomaji huwa amekwisha kumjua mkosaji tangu mwanzo. Kinachomnyima usingizi ni kwamba bibi harusi hamjui, na kadi zimekwisha kugawiwa.

Na ndiyo sababu jozi moja haitoshi. Mwandishi mwenye wapenzi wawili tu hulazimika kuagiza vikwazo kutoka nje: ajali ya basi, mama mkwe mkorofi, safari ya ghafla ya Ulaya. Akiwa na jozi tatu zinazojuana, hana haja ya kuagiza kitu. Kila jozi huwa kikwazo cha jozi nyingine, na furaha ya mmoja huwa ndiyo msiba wa mwenzake.

Tuchukue mfano wa Malinyi, kusini mwa Mkoa wa Morogoro, katika bonde la Kilombero. Zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Ulanga, leo ni wilaya inayojitegemea. Msafiri hupitia Ifakara, na kabla ya daraja la Mto Kilombero, lililozinduliwa rasmi mwaka 2018, alivuka kwa kivuko. Uchumi wa huko ni mpunga. Mvua zikianza, familia nyingi hugawanyika: baadhi huhamia mashambani, mbali na nyumbani, wakaishi kwenye madungu kwa miezi wakilima, wakipalilia na kuwinga ndege, na wengine hubaki mjini na watoto wa shule. Kisha mavuno yakija, huja malori, madalali na wanunuzi wenye fedha mfukoni. Mwandishi anayetafuta sababu ya mume kuwa mbali na mkewe kwa nusu mwaka pasipo kumpeleka ng'ambo, amekwisha kupewa na kalenda ya kilimo.

Katika Jiji la Dar es Salaam, waliogombana Tandika mmoja anaweza kuhamia Mbezi, na hadithi ikawa imekwisha. Malinyi hakuna Mbezi ya kuhamia. Uliyeachana naye jana utamkuta kesho mashineni unapokoboa mpunga, keshokutwa sokoni, na Jumapili kanisani ameketi benchi la mbele yako. Watu hawaulizani kama unampenda fulani. Wanajua. Wanachosubiri ni kuona lini na wewe utajua kwamba wanajua.

Basi tusuke kisa. Mwalimu wa shule ya msingi amemchumbia muuguzi wa zahanati. Dada wa muuguzi huyo ameolewa na mwenye mashine ya kukoboa. Mwenye mashine ana desturi ya kununua mpunga ungali kijani shambani kwa bei ya kutupa, na mwaka huu aliyemfunga kwa deni hilo ni mjane mwenye binti mmoja. Binti anapendana na kijana wa bodaboda ambaye ni mdogo wake mwalimu. Mwenye mashine naye anamwonea binti jicho, na deni ndilo kamba yake. Mpaka hapa tuna jozi tatu na deni moja, na ukiugusa uzi wowote yote inatikisika. Lakini bado hatuna siri.

Siri ni hii. Muuguzi akiwa zamu ameona majibu ya vipimo vya shemeji yake. Ana virusi vya Ukimwi, na hajamwambia mkewe. Kiapo cha kazi kinamtaka muuguzi afunge mdomo, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 inailinda siri ya mgonjwa. Anayehatarishwa ni dada yake tumbo moja. Na anayeandamwa kwa deni ni msichana ambaye karibu atakuwa wifi yake. Mwambie msomaji hayo, kisha muonyeshe muuguzi na dada yake wakichambua mboga ukumbini na kucheka. Hapo hakuna bastola wala mpelelezi, na hakuna atakayeliweka gazeti chini.

Sikuichagua siri hiyo kwa kubahatisha. Hadithi ya namna hii imewahi kufanya kazi kubwa sana katika nchi yetu, na wenye umri wangu mnaikumbuka. Mwezi Julai 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati. Ilikuwa miaka 10 tangu wagonjwa 3 wa kwanza wa Ukimwi walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Hotuba na mabango tulikuwa tumeyapata. Watu walikuwa wamesikia, na maisha yakawa yanaendelea vile vile.

Ndipo akaja Mkwaju, dereva wa malori ya masafa marefu, mwenye mke nyumbani na wanawake njiani. Mkewe aliitwa Tunu. Kulikuwa pia na fundi cherehani, Fundi Mitindo, na mkewe Mama Waridi, ambao nyumba yao ilikuwa na mashauri yake kuhusu uzazi wa mpango. Hakuna aliyetuhutubia. Tulimsikia Mkwaju akicheka, akidanganya, akirudi nyumbani; na sisi tuliokuwa kando ya redio tulijua alikotoka, hali Tunu anampakulia chakula. Ni lile lile pengo la anayejua na asiyejua. Tofauti ni kwamba safari hii mtu akikosa kujua anakufa.

Mpango wa mchezo huo haukubuniwa hapa. Ulitokana na mtindo wa Miguel Sabido, mtunzi wa tamthiliya za televisheni nchini Mexico katika miaka ya 1970. Sabido aliwapanga wahusika wake mafungu matatu: wema wa kuigwa, wabaya wa kuogopwa, na wale walio katikati wanaosita. Kwa maoni yangu siri ya mafanikio yote imo katika hilo fungu la tatu. Hakuna msikilizaji anayejiona kuwa malaika, na ni wachache wanaojiona kuwa Mkwaju. Tulio wengi ni Tunu: tunajua kidogo, tunashuku zaidi, tunasubiri. Tunu hakumwacha mumewe juma la kwanza wala mwezi wa kwanza. Alivumilia, akarudi nyuma, na mwishowe akaondoka na kuanzisha biashara yake ndogo ya kulisha watoto. Laiti angeondoka siku ya pili, mama aliyekuwa akisikiliza huku ana Mkwaju wake ndani angesema, huyo si mimi. Mkwaju mwenyewe aliugua Ukimwi na kufa.

Je, tunajuaje kwamba mchezo ulibadili chochote? Hapa pana jambo ambalo wasikilizaji wengi hawakulijua wakati ule. Tangu 1993 hadi 1995 mtambo wa Dodoma haukurusha Twende na Wakati. Wakazi wa huko walipewa vipindi vingine, ili watafiti, wakiwamo Everett Rogers na Peter Vaughan wa Marekani, wapate mahali pa kulinganishia. Ziliendeshwa hesabu za kila mwaka hadi 1997. Palipokuwa na mchezo, uzazi wa mpango uliongezeka kuliko Dodoma, na watu walieleza kupunguza idadi ya wapenzi wao. Mchezo ulipofika Dodoma mwaka 1995, mabadiliko nako yakaonekana. Nawaonea huruma watu wa Dodoma kwa ile miaka miwili, lakini kwa ajili yao hakuna anayeweza kutuambia kwamba hadithi ni porojo.

Nami naona sababu yake ni nyepesi. Chora kwenye karatasi majina ya wahusika wa hadithi yenye jozi zilizoingiliana, kisha piga mistari ya nani yuko na nani. Umechora njia ya virusi. Daktari hukuchorea mchoro ule ule kwa vidoto na usimwelewe. Mtunzi anakuchorea kwa Mkwaju na Tunu ukalia. Tangu dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, mchoro huo hauishii lazima kaburini, na hilo limempa mtunzi wa leo kazi ngumu zaidi. Mwenye mashine wetu anaweza kuishi miaka mingi. Swali si tena atakufa lini. Swali ni atasema lini.

Waandishi wetu wa vitabu, kwa bahati mbaya, hawakuupenda sana mji mdogo. Faraji Katalambula na Simu ya Kifo mwaka 1965, Elvis Musiba na Kufa na Kupona mwaka 1974, Ben Mtobwa na Dar es Salaam Usiku mwaka 1990, wote walikuwa mafundi wa kumkosesha mtu pumzi, na sitawasema vibaya. Ila taharuki yao ilihitaji jiji: hoteli, magari, bastola, mgeni asiyefahamika. Euphrase Kezilahabi ndiye aliyefanya kinyume. Rosa Mistika ya mwaka 1971 inaanzia Ukerewe, kisiwani, kwa baba mkali na mabinti zake, na ilitisha kiasi cha kupigwa marufuku mashuleni kabla ya kuja kuwa kitabu cha kufundishia. Iliwatisha wakubwa kwa sababu kila mmoja alijua nyumba inayofanana na ile.

Kuna wanaosema hadithi hizi sasa haziwezekani kwa sababu ya simu za mkononi: siri gani itadumu, na barua iliyokuwa ikichukua juma zima kufika siku hizi inafika kwa sekunde? Watu hao hawajakaa Malinyi. Aliyeko dunguni hupanda kichuguu kutafuta mtandao, na chaji ikimwishia huituma simu yake mjini kwa mwendesha baiskeli. Pale kwenye kibanda cha kuchajia huwekwa mezani simu ishirini, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina, na anayezilinda ni kijana anayejua kusoma. Ujumbe wa mpenzi ukiingia saa nane mchana, wa kwanza kuuona ni yeye, na dada yake ndiye mchumba wa mtu.